Huku nimekuwa mweusi kuliko kambini

"Dada, huku nimekuwa mweusi kuliko nilivyokuwa kambini."

Maneno hayo aliniambia binti wa Kikongo wa miaka 19, kwenye kliniki ya ngozi ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Minneapolis. Amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha familia yao ikaletwa Marekani. Nilimshika mikono nikaitazama. Weusi haukuwa umeongezeka hata chembe. Ngozi ilikuwa imepauka, kama zinavyopauka za wengi wetu mwezi wa Januari, nje theluji, ndani hita zinakausha hewa usiku kucha. Lakini nilimwelewa. Kule alikuwa binti wa fulani, mrefu, mwenye sauti nzuri kwenye kwaya. Huku, darasani na kazini, ni mweusi kwanza, hayo mengine yatajulikana baadaye.

Tusidanganyane kwamba vipimo vya urembo tumevikuta ughaibuni. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikisikia bibi harusi akisifiwa rangi yake ya maji ya kunde na nywele zake za singa, na mtoto mwenye kipilipili akitaniwa mpaka analia. Mkorogo tumeujua kabla ya kuijua pasipoti. Kwa hiyo tunapanda ndege tayari tumebeba kipimo kimoja, tukishuka tunaongezewa kingine, na vyote viwili vinakaa juu ya uso uleule.

Watu hunizungumzia mabango ya matangazo: siku hizi weusi wapo, wenye hijabu wapo. Wapo, na nafurahi. Jimbo hili la Minnesota ndilo alilokulia mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Mwaka 2016 alishindana Miss Minnesota USA akiwa na hijabu, na wasichana wetu walitembea vifua mbele. Lakini Novemba 2020 aliacha kazi ya maonyesho ya mavazi, akaeleza kuwa imemfanya alegeze mambo ya dini yake. Hilo halijanitoka moyoni. Unaweza kuwekwa kwenye jalada la jarida, na bado chumba cha kuvalia kikawa hakikuandaliwa mtu kama wewe. Ndiyo maana nikiulizwa kujumuishwa ni nini, nafikiria kwanza zile picha zilizomo kwenye vitabu vya wanaotutibu.

Chukua pumu ya ngozi (eczema), maradhi aliyokuwa nayo yule binti. Vitabu nilivyosomea vilisema ngozi "huwa nyekundu". Kwetu mara nyingi hugeuka zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, tena yaweza kuja na vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo. Anayetafuta wekundu haoni kitu, anaandika kwamba hali si mbaya, na mgonjwa anarudi nyumbani kujikuna mpaka damu. Binti huyu alikuwa ameshaonwa mara mbili mahali pengine, mara zote akaondoka na losheni tu. Nilipitisha mgongo wa kiganja kwenye kikunjo cha kiwiko chake. Pana joto. Ngozi imekuwa nene, mistari imejichora kama gome la mwembe. Nikamuuliza, "Rangi yako yenyewe iko wapi?" Akafikiri kidogo, akanyanyua blauzi akanionyesha ubavuni. Tukawa na cha kulinganishia.

Hata kipimo cha aina za ngozi tunachokitumia kila siku kina historia hiyo. Dkt. Thomas Fitzpatrick wa Harvard alikitunga mwaka 1975, akitaka kukadiria dozi ya mwanga wa kutibu soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba. Kilianza na aina 4, zote za ngozi nyeupe. Aina ya 5 na ya 6, ambamo wengi wetu tumebanwa, ziliongezwa baadaye. Sidhani palikuwa na nia mbaya. Alipima wagonjwa waliokuwa mbele yake. Ila ukitaka kujua mtu anaachwaje nje bila kufukuzwa, ni hivyo. Na anayeachwa nje anaweza kubisha hodi: mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisomea udaktari London, alitoa pamoja na walimu wake wawili mwongozo wa dalili za magonjwa zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Alikuwa amechoka kuuliza darasani, na kwa watu kama mimi je?

Kabla hajatoka, binti akafungua mkoba, akatoa kikopo kisicho na lebo. Krimu ya kung'arisha, kanunua kwa mama mmoja anayeuza nyumbani kwake. Sikumfokea. Nikifoka leo, kesho hatanionyesha, na mimi nataka kukiona. Krimu za namna hii huweza kuwa na zebaki au steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Steroidi ikipakwa muda mrefu huifanya ngozi nyembamba, ikachanika mistari, na ukiacha ghafla uso huwaka. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, lakini haiishii hapo. Huingia mwilini ikaumiza figo na mishipa ya fahamu, tena hubaki kwenye taulo na mashuka, na mtoto mnayelala naye akaipata bila kupaka chochote. Kwenye lebo huandikwa mercury, mercurous chloride au calomel. Binti ana mdogo wake wa mwaka mmoja. Nilipomweleza hilo la mashuka, alikisukuma kikopo upande wangu wa meza.

Kwa hiyo ukija kwetu, au kwa mtaalamu yeyote wa ngozi, njoo na unachopaka, hata kama hakina jina. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, usikimwage sinkini. Ngozi ikichachamaa usiku, ipige picha asubuhi dirishani, maana siku ya miadi inaweza kuwa imetulia. Ukishaoga jifute kidogo, upake mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Na ukiulizwa kama kuna wekundu, usikimbilie kujibu hapana. Mwonyeshe sehemu yenye rangi yako halisi, kisha umwonyeshe iliyobadilika, na umtajie imegeuka rangi gani.