Rangi ya Gari la Kale: Kung'aa Sana Si Uasili

Kwa muda mrefu ubora wa ukarabati wa magari ya kale umepimwa kwa wingi wa mng'ao. Kipimo hicho kimezaa dhana kadhaa ambazo zimefanya magari mengi mazuri yapoteze sura yake halisi.

Dhana: Magari ya kale yalitoka kiwandani yakiwa na rangi laini isiyo na dosari.

Ukweli: Mwanzoni mwa karne ya 20 magari mengi yalipakwa rangi za mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, na kazi hiyo iliweza kuchukua majuma kadhaa kwa sababu kila tabaka lilipaswa kukauka kwanza. Mwaka 1923 laka ya nitroselulosi (rangi inayokauka upesi) ya kampuni ya DuPont, iliyoitwa Duco, ilianza kutumiwa na General Motors kwenye magari yake ya chapa ya Oakland, na muda wa kukauka ukashuka hadi saa chache. Laka hiyo ilihitaji kusuguliwa ndipo ing'ae, na kwa kuwa kiwanda kilifanya kazi kwa haraka, juhudi ilielekezwa mahali panapoonekana. Ndani ya buti na kwenye kingo za milango palibaki rangi nyembamba, vumbi la rangi iliyopulizwa, pengine hata michirizi, na uso wenye vinundu vidogo mithili ya ganda la chungwa. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo leo hulipa gari ule mng'ao wenye kina, lilienea viwandani katika miaka ya 1980. Kulipaka juu ya gari la mwaka 1955 ni kulivika sura ambayo halikuwahi kuwa nayo.

Dhana: Waamuzi wa maonyesho hutunuku gari linalong'aa kuliko mengine.

Ukweli: Hilo lilikuwa karibu na kweli zamani. Hata hivyo, chama cha NCRS cha Marekani, cha wakarabati wa magari ya michezo ya Chevrolet Corvette, kilichoanzishwa mwaka 1974, hulinganisha kila Corvette na hali iliyotoka nayo kiwandani, hivyo rangi iliyolainishwa kupita kiasi huweza kulipunguzia gari alama. Maonyesho ya Pebble Beach, California, nayo yana madaraja ya magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, na Mkataba wa Turin wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unatanguliza uhifadhi. Naona mabadiliko haya ni ya haki, kwa maana rangi ya awali ikishaondolewa hairudi.

Dhana: Rangi za kisasa hazina nafasi kwenye gari la kale.

Ukweli: Zinayo. Rangi ya poliyurethani ya vijenzi viwili, yaani rangi na kigumisho vinavyochanganywa kabla ya kupaka, huvumilia jua na petroli kuliko laka, ambayo hupasuka na kufifia, na kwa gari linaloendeshwa mara kwa mara ningeichagua bila kusita. Lakini ina kemikali ziitwazo aisosianati zinazoweza kusababisha pumu, kwa hiyo mpulizaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje, na yeyote anayepiga msasa rangi ya zamani azingatie kwamba huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kabla ya kung'arisha rangi ya awali, unene wake upimwe kwanza, kwani laka nyembamba huisha upesi chini ya polishi. Ikilazimu gari lipakwe upya, sehemu ndogo iliyofichika, kama vile nyuma ya dashibodi, iachwe bila kuguswa ili fundi wa baadaye apate rangi halisi ya kulinganishia.