Kuruhusiwa si kupona: dhana potofu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

"Nikitoka hospitali salama, nimemaliza." Wagonjwa wa Moshi na Arusha wanairudia kauli hii mpaka inachosha. Wanachoogopa ni kisu tu. Kwenye vituo vyenye uzoefu, wanaofariki ndani ya siku 30 ni takriban mtu mmoja hadi watatu kwa kila 1,000, karibu sawa na upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Mengi ya kutisha hutokea nyumbani.

Ukipasuliwa Dar es Salaam, tafadhali usipande basi la Moshi siku ya tatu. Kukaa saa kumi umekunja magoti hugandisha damu miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Maliza sindano za kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali usiku huohuo. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika umetulia, hata bila homa, huenda mshono wa ndani ya tumbo unavuja.

Kisha ndugu wanaleta mtori. Wana nia njema, lakini mtori wa ndizi ni wanga mwingi, na tumbo lililopunguzwa halibebi zaidi ya kama mililita 150. Likijaa ndizi, zile gramu 60 za protini unazohitaji kwa siku zitakaa wapi? Wiki mbili za kwanza ni vimiminika: maziwa au mtindi mwepesi, funda moja moja kutwa nzima. Kikombe cha maziwa kina gramu 8 za protini. Vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga vinaongeza 4 hivi.

Linaloniuma zaidi ni kutapika. Mgonjwa akitapika siku kadhaa mfululizo, vitamini B1 humwishia. Akifika zahanati akatundikiwa dripu ya glukosi peke yake, anaweza kuanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa, na ubongo ukishaumia hivyo huenda usirudi sawa. Ninyi mnaomsindikiza, semeni mapema: huyu kapunguzwa tumbo, achomwe B1 kabla ya glukosi.

"Vitamini nitaacha uzito ukishuka." Hapana. Madini ya chuma, B12, kalsiamu na vitamini D ni za maisha yote, na damu ipimwe kila mwaka.

"Diclofenac ya duka la dawa haina shida." Kwa aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaobakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo, dawa hii ya maumivu inachimba vidonda pale kwenye kiungo, na sigara vilevile. Tumia parasetamoli.

"Mbege ni chakula." Ni pombe, na baada ya upasuaji pombe inapanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea.

"Mwanamke hatazaa tena." Kinyume chake, uzito ukishuka mimba hushika kwa urahisi zaidi, wakati mwingine mapema mno. Subiri miezi 12 hadi 18. Baada ya baipasi usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa huenda visifyonzwe vizuri. Weka kijiti au kitanzi.