Bahati haina zamu

Jumapili moja baada ya misa, jirani zangu wa hapa Katuba walinisimamisha barabarani. Wote wawili ni AS: kila mmoja ana kinasaba kimoja cha kawaida (A) na kimoja cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (S), ila si mgonjwa. Mtoto wao wa kwanza ni SS, yaani anaumwa selimundu, na mama alikuwa na mimba ya pili. Hospitalini walikuwa wameambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto SS ni mmoja kati ya nne. Baba alikuwa na furaha. "Mwalimu, ile moja kati ya ine tulishaimaliza. Batatu benye kubakia bako salama."

Nimefundisha hesabu Lubumbashi miaka kumi na tisa, na maneno hayo nimeyasikia katika kila sura. Wanaocheza ludo: "Sita imekawia, sasa iko inakuja." Wenye mabinti watano wanaosema wa sita lazima awe mvulana. Vijana wanaobeti mpira. Ila kwa wazazi wa AS yananiuma zaidi, maana hapo kinachowekwa rehani ni afya ya mtoto.

"Mbaya ikishatokea, zinazobaki ni nzuri."

Hapana. Kila mimba inaanza hesabu upya. Baba hutoa A au S, mama hutoa A au S, na picha ni nne: AA, AS, SA, SS. Mtoto wa pili ana robo ileile aliyokuwa nayo wa kwanza, na wa tano vilevile. Mimba haina daftari la mimba zilizotangulia.

Watu si wajinga kufikiri hivyo. Vichwani mwao wanaona mfuko wenye karatasi nne, moja mbaya. Ukishaitoa hiyo, zilizobaki kweli ni safi. Kwenye tombola fikra hiyo ni sahihi kabisa: tiketi sitini kati ya mia zikifunguliwa bila zawadi kuonekana, tiketi yako iliyobaki imepanda thamani. Lakini uzazi, dadu na sarafu si tombola. Hapo karatasi hurudishwa mfukoni kabla ya kuchota tena. Swali la kwanza la kumuuliza mwanafunzi ni hili: kilichotoka, kinarudi au hakirudi? Walimu wengi wanaruka swali hilo na kukimbilia fomula, halafu wanashangaa darasa zima likianguka.

Mimi fomula naiweka mwisho. Naleta vikombe viwili, kila kimoja kina haragwe jeupe na haragwe jekundu. Funga macho, chota moja kila kikombe, andika, rudisha. Mekundu mawili ni SS. Kila safu ya mara nne ni familia moja ya watoto wanne. Baada ya safu ishirini ubaoni, hakuna anayebisha tena: kuna familia zisizo na SS hata mmoja, kuna zenye mmoja, na zenye wawili zipo pia.

Hapo ndipo hesabu inaingia. Familia ya watoto wanne kukosa SS kabisa ni 81 kati ya 256, karibu asilimia 32. Kupata mmoja tu ni 108 kati ya 256, asilimia 42. Wawili au zaidi ni 67 kati ya 256, asilimia 26. Soma tena hiyo ya mwisho, wewe unayesema "moja tulishaimaliza".

Mwanafunzi mwerevu atasimama: "Lakini mwalimu, si ulisema mambo yanajisawazisha?" Sikusema hivyo, wala Jacob Bernoulli, mwanahesabu wa Uswisi, hakusema hivyo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1713. Alichothibitisha ni kwamba ukirudia mara nyingi, sehemu ya matokeo husogea karibu na uwezekano wake. Haisogei kwa kulipa deni. Franga zetu ni noti tupu, kwa hiyo darasani natumia sarafu ya ngwee ya Zambia, inayotoka upande wa mpaka wa Kasumbalesa. Tuseme imeangukia kichwa mara kumi mfululizo. Irushe mara elfu moja zaidi, na tuseme zimetoka 500 kwa 500. Jumla ni vichwa 510 katika 1010, asilimia 50.5. Vile vichwa kumi vya ziada bado vipo, hakuna kilichofutwa; vimemezwa tu na wingi.

Kosa lingine la darasani: "Matokeo ni mawili, basi ni nusu kwa nusu." Rusha kizibo cha chupa mara mia uone kama kina haki. Nusu kwa nusu inahitaji pande zinazolingana. Hata d'Alembert, mwanahesabu mkubwa wa Ufaransa, aliteleza hapa mwaka 1754: alidai uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili ni theluthi mbili, kwa sababu alihesabu visa vitatu kana kwamba vina uzito sawa. Ni robo tatu. Andika visa vyote vinne (kichwa-kichwa, kichwa-mkia, mkia-kichwa, mkia-mkia), usivione kwa macho ya kichwani.

"Kigeu nasibu ni ile x tunayoitafuta." Hapana, hakuna cha kutafuta. Ni kanuni inayokipa kila tokeo namba yake. Familia ya maharagwe ni tokeo. Kuhesabu SS waliomo ndani yake, 0 hadi 4, ndicho kigeu nasibu. Nikiona mtu anaandika "X = ?" nafuta ubao tuanze upya.

"Thamani tarajiwa ndiyo itakayotoka." Ya dadu, yaani wastani wa mirusho mingi, ni 3.5. Nani amewahi kuona 3.5 juu ya dadu? Kwa watoto wanne wa wazazi AS thamani hiyo ni mtoto mmoja SS, na umeshaona kwamba mmoja kamili hutokea asilimia 42 tu. Ni wastani wa familia nyingi mno, haimwahidi mzazi yeyote chochote.

Jioni ile nilipeleka vikombe vyangu kwa jirani. Mama alichota mwenyewe. Safu ya kwanza: hakuna SS. Ya pili: mtoto wa kwanza na wa tatu. Baba aliangalia karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza hospitali gani inapima mtoto mapema baada ya kuzaliwa.