Zawadi kwa ndugu watu wazima wasioshukuru: dhana potofu na ukweli wake

Idd au Krismasi ikikaribia, wengi huanza kuhesabu ndugu wa kupelekewa kitu, na papo hapo humkumbuka yule aliyepokea mwaka jana akanyamaza, na yule aliyeuliza "hiki tu?". Uchungu huo ni wa kweli, na anayeubeba hastahili kuambiwa ana moyo mdogo. Ila ugomvi mwingi wa zawadi baina ya ndugu watu wazima huanzia kwenye kuchanganya mambo manne: zawadi, msaada, mchango na deni. Zawadi haina marejesho. Msaada hufuata shida. Mchango una daftari, na deni lina tarehe. Ukimpa mdogo wako laki moja bila kusema ni ipi kati ya hizo, wewe utangoja asante ya zawadi, naye ataipokea hiyo laki kama haki ya mdogo kwa mkubwa wake.

Dhana: Asiyesema asante papo hapo hana shukrani.

Ukweli: Katika nyumba nyingi, pwani na bara, mfuko hupokewa kwa mikono miwili, ukapelekwa chumbani, ukafunguliwa mgeni akishaondoka. Kuufungua mbele ya aliyeuleta huonekana tamaa. Asante huja kwa njia yake: sahani uliyopelekea futari inarudi na kaimati, maana chombo hakirudi kitupu, kuku aliyefungwa miguu anawekwa kwenye kapu asubuhi ya safari, shangazi anakuinulia mikono, "Mungu akuzidishie ulipotoa." Kabla ya kumhukumu mtu, ngoja hata wiki mbili uone kile kitu kimefanyiwa nini.

Ukosefu wa shukrani una dalili zake. Anataja udogo wa zawadi mbele za watu, anakulinganisha na ndugu mwingine, na anaomba cha pili cha kwanza kikiwa bado kwenye mfuko. Likitokea moja kwa mara moja, huenda ana shida au amechoka. Yakijirudia yote sikukuu mbili tatu mfululizo, hiyo ni tabia, na dawa yake iko mbele kidogo.

Dhana: Kitu kizuri ni kizuri kwa kila mtu, akikiacha sandukuni ni kiburi.

Ukweli: Hapa ndipo watoaji wanapojikwaa zaidi, kwa hiyo tukae hapa.

Chukua kitenge. Pisi ya yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, inatosha gauni refu au sketi na blauzi, na kilemba juu. Lakini kati ya pisi na gauni yupo fundi, ipo bitana, ipo zipu. Dada asiye na ya fundi mwezi huo atakikunja kitenge akakiweka, na mwaka utapita hujamwona nacho. Weka ya fundi ndani ya mkunjo wa kitambaa chenyewe. Kama fedha haitoshi vyote viwili, nunua kitambaa cha bei ya chini kidogo ulipie na ushonaji.

Khanga haihitaji fundi, ila inasema. Doti ni vipande viwili, na kila kipande kina jina, yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. Muuzaji mwenye haraka atakukunjia rangi uliyoipenda, nawe hukusoma. Ukimpelekea wifi khanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu," hutapata asante, na hana kosa. Hata "Wema hauozi," ambayo ni maneno mazuri, kwa mtu uliyemsaidia juzi itasomeka kama unamkumbusha. Mwambie muuzaji aikunjue yote, soma jina kwa sauti, kisha jiulize: mpokeaji akiivaa sokoni, watu watadhani anamwambia nani?

Vifaa vya umeme kutoka ng'ambo vina lawama ya aina yake. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Tanzania na Kenya unazidi 220. Blenda iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee, ikichomekwa bila transfoma, huzunguka kwa kasi kubwa, hutoa harufu ya kuungua, na imekwisha. Mpokeaji anaona aibu kusema zawadi imeungua, mtoaji anaona haitumiwi, na wote wawili wananyamaza. Geuza kifaa usome kibandiko. Kikiandikwa 100–240V hakina tatizo zaidi ya plagi. Kikiandikwa 120V tu, kiache dukani. Transfoma inayobeba wati za blenda au pasi ni nzito na ni gharama nyingine.

Simu nayo ikaguliwe kabla haijafungwa kwenye sanduku. Uliza kama imefungwa kwenye mtandao mmoja, kisha bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inatokea na inafanana na ya kwenye boksi. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, kwa hiyo simu ya kuigiza inaweza kuwaka vizuri mkononi mwako na isimfae kitu aliyepewa. Viatu, usikisie: omba mguu uchorwe kwenye karatasi na upime kutoka kisigino hadi kidole kirefu.

Dhana: Pesa haina lawama.

Ukweli: Ina lawama kuliko kitenge, kwa sababu kila mtu anajua kuhesabu. Ukituma 20,000 kamili bila ya kutolea, akifika kwa wakala hatoki na 20,000, na hicho kilichopungua ndicho atakachokikumbuka. Ongeza ya kutolea kila mara. Tuma siku mbili tatu kabla ya sikukuu, kwani mkesha wa Idd mawakala huishiwa fedha taslimu na mtandao huelemewa. Kisha ipe pesa jina: "Hii ni ya nyama ya sikukuu, mama mdogo." Pesa isiyo na jina humezwa na deni la dukani, na mtu haoni alichopewa.

Dhana: Ukimpa kikubwa zaidi atalainika.

Ukweli: Kikubwa cha mwaka huu ndicho kipimo cha mwaka ujao. Aliyezoea 30,000 akapata 80,000 hatasahau 80,000. Ukirudi kwenye 30,000 umempunguzia. Pandisha zawadi kwa sababu inayotajika na isiyojirudia, kama kuhitimu, ndoa au nyumba mpya.

Dhana: Ndugu wakipeana, thamani lazima ilingane.

Ukweli: Hiyo ni kanuni ya upatu na michango ya harusi. Kati ya kaka mwenye mshahara na dada anayeuza maandazi, kilo 2 za mchele wa shamba ni zawadi kamili kwa doti mbili za khanga. Familia inayotaka usawa wa kweli ipige kura ya majina, kila mtu amnunulie mmoja tu. Kwa watu wazima 8, inakwenda hivi: wiki tatu kabla, kubalianeni kima cha juu, tuseme 25,000, na kima cha chini, 15,000. Andikeni vikaratasi 8. Anayeokota jina lake au la mwenzi wake anarudisha na kuokota tena, na akiwa wa mwisho, kura inarudiwa yote. Kila mtu aandike pembeni mwa jina lake vitu viwili anavyovihitaji. Kura huharibikia kwa yule asiyenunua kabisa, kwa hiyo kila mmoja amwoneshe msimamizi wa kura alichonunua siku tano kabla. Asiye na kitu atoe kima cha chini, msimamizi amnunulie. Anayekataa hata hilo aachwe nje ya kura mwaka unaofuata, bila maneno.

Dhana: Kumkumbusha ulichompa ndiko kumfundisha shukrani.

Ukweli: Hayo ni masimango, na hakuna kinachoua zawadi haraka kama hicho. Waislamu wanalo katazo lake katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264: sadaka isiharibiwe kwa masimbulizi na maudhi. Na usidai kurudishiwa ulichokwisha kutoa, hata kama kimekaa bure. Kama kimya kinakuuma, uliza habari ya kitu, faraghani, si kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Kaka, shikamoo. Ule mzigo ulifika salama? Sikusikia kitu nikaingiwa na wasiwasi." Aliyesahau atapata nafasi ya kushukuru bila kuaibika. Na aliyesema "hiki tu?" ajibiwe palepale, kwa upole: "Ndicho nilichokuwa nacho kwa ajili yako." Ishia hapo, usijitetee kwa kueleza matatizo yako.

Dhana: Ukipunguza zawadi umevunja undugu.

Ukweli: Undugu una kuuguzana, kuzikana, kusalimiana na kuhudhuriana. Zawadi ni sehemu yake ndogo. Kwa mwenye dalili zote tatu, shuka taratibu bila kutangaza. Sikukuu ya kwanza badilisha pesa iwe kitu cha kuliwa na nyumba nzima: sukari kilo 2, mchele kilo 5, majani ya chai. Sikukuu inayofuata wape watoto wake, daftari na kalamu, huku yeye ukimpa salamu na muda wako. Baada ya hapo, nenda umtembelee na mkate wa kunywea chai.

Msaada usiupunguze kwa hasira ya zawadi. Mjomba anayenung'unikia shati lake bado ana dawa za presha za kununuliwa. Lipa dawa duka la dawa, lipa ada kwenye akaunti ya shule, uchukue risiti, na msaada na zawadi visikutane tena kwenye mazungumzo ya sikukuu.