Kiwanda cha Silverton: dhana potofu na ukweli kuhusu ajira mpya

Februari 2021, kampuni ya Ford ilitangaza kuwa itatumia dola bilioni 1.05 katika uzalishaji wake Afrika Kusini, sehemu kubwa ikiwa ya kupanua kiwanda chake cha Silverton, Pretoria, kinachounda pikapu aina ya Ranger, ili kiweze kutoa magari 200,000 kwa mwaka badala ya 168,000. Ajira mpya zilizotajwa ni 1,200 kiwandani na takriban 10,000 kwa watengenezaji wa vipuri.

Dhana: Fedha zikiwa nyingi, na ajira huwa nyingi.

Ukweli: Ukigawanya fedha hizo zote kwa nafasi 1,200 za kiwandani, kila nafasi inaangukia dola 875,000. Bila shaka hizo si mishahara. Upanuzi huo ulijumuisha karakana mpya ya bodi, ambako kuchomelea mabati ni kazi ya roboti, pamoja na mtambo wa kukandamiza mabati. Na mitambo ya namna hiyo hula mtaji mwingi huku ikihitaji watu wachache.

Dhana: Ajira ikishatangazwa, imeshapatikana moja kwa moja.

Ukweli: Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, kwa kutazama ukubwa wa jengo na kusahau zamu. Nafasi zile 1,200 zilitokana na kuanzishwa kwa zamu ya tatu mwaka 2021. Mahitaji ya magari yakishuka, mstari ule ule wa kuunganishia hurudishwa kwenye zamu mbili, na watu wa zamu moja hukosa kazi ingawa hakuna hata tofali lililoondolewa. Agosti 2025, kampuni hiyo ilitangaza kusudio la kupunguza wafanyakazi 474, wengi wao wakiwa wa Silverton na baadhi wa kiwanda cha injini cha Struandale.

Dhana: Ajira 10,000 za vipuri ni za Ford.

Ukweli: Ni makadirio ya kampuni yenyewe kuhusu waajiriwa wa kampuni nyingine, hivyo yafaa kuyasoma kwa tahadhari. Hata hivyo si porojo. Viti, kwa mfano, hujaza lori upesi na ni ghali kusafirisha, kwa hiyo hutengenezwa jirani na kupelekwa kwa mpangilio wa magari yaliyo mstarini, kila gari na rangi yake. Ndiyo sababu eneo maalumu la kiuchumi la Tshwane (manispaa yenye Pretoria) lilijengwa pembezoni mwa kiwanda. Ukaribu huo huo hufanya zamu ikipunguzwa Silverton, oda za viti kwa jirani zipungue pia.