Je, wajua? Namba 73,939,133 hukatwa mkia mara saba na bado haigawanyiki

Fundi wa mabango akiandika namba ya simu kwenye ukuta wa duka pale Kongowea, Mombasa, haipiti miaka mingi chumvi ya bahari ikaanza kubandua rangi. Tarakimu ya mwisho ikitoka tu, namba imekufa. 73,939,133 haina shida hiyo.

Hii ni namba tasa: hakuna namba nzima inayoigawanya bila baki, ila 1 na yenyewe. Futa 3 ya mwisho, inabaki 7,393,913, nayo tasa. Futa tena: 739,391, tasa vilevile. Endelea: 73,939, 7,393, 739, 73, hadi ibaki 7 peke yake. Zote tasa. Namba za tabia hii zipo 83 tu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Mbona imejaa 3 na 9? Baada ya tarakimu ya mwanzo, huwezi kuweka 0, 2, 4, 6 wala 8, maana namba itagawanyika kwa 2. Ukiweka 5, itagawanyika kwa 5. Zimebaki 1, 3, 7 na 9. Hapo ndipo inapoingia ile kanuni ya shuleni: jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Tumeanza na 7, ambayo kwa 3 inabakisha 1. Kuongeza 3 au 9 hakuligusi baki hilo. Kuongeza 1 au 7 kunalifanya 2, na ukirudia mara ya pili baki linakwisha, namba imeharibika. Kwa hivyo una ruhusa moja tu ya kutumia 1 au 7. Hesabu 7-3-9-3-9-1-3-3: ruhusa imetumika kwenye tarakimu ya sita.

Namba za simu Kenya zina tarakimu kumi, kwa hivyo hii, hata ukiitanguliza 0, imepungukiwa na moja. Jaribu kuiongezea mwishoni. 1 na 7 hazifai: jumla ya tarakimu ni 38, itakuwa 39 au 45. Ukiweka 3 au 9, waweza kukaa ufukweni pale Mama Ngina, Mombasa, na mihogo yako jioni nzima ukigawanya kwa kila namba kuanzia 2 hadi 100, usipate kitu. Lakini zote mbili zinagawanyika, ila kwa namba kubwa zaidi ya hizo.

Kadiri unavyopanda, namba tasa huadimika. Chini ya 100 zipo 25, robo nzima. Karibu na milioni 74 ni takriban moja kwa kila 18. Ukianza na 2, 3, 5 na 7, namba tasa za tarakimu moja, ukaongeza tarakimu mwishoni kwa kila njia inayoacha namba ikiwa tasa, ni namba tano tu zinazofikisha tarakimu nane. Hakuna inayofikisha tisa.

Ukifutia mbele badala ya nyuma, mambo ni mengine kabisa. Kule mbele hata 4 au 8 inakubalika, kwa kuwa haiigusi tarakimu ya mwisho, na bila kutumia 0 namba kubwa kuliko zote ina tarakimu 24: 357,686,312,646,216,567,629,137. Kubwa kuliko zote zinazovumilia kufutwa upande wowote, mbele au nyuma, ni 739,397.