Shahada ya Famasi: Programu Ni Mpya, Mlango Ni Ule Ule

Tangu chuo chetu kitangaze kuwa kinaanza kufundisha Shahada ya Famasi, ofisi ya udahili inapokea simu kutoka Lamu karibu kila siku, nyingi zikiwa za wazazi. Wengi huuliza mambo ya maana. Wachache huuliza kama jina la mtoto "limeshaingia", maana kuna mtu amewaambia wamtumie pesa, yeye ataliingiza. Makala hii ni ya wote, ila hao wa pili waisome polepole.

Wiki iliyopita tuliweka meza yetu Mkunguni, mbele ya Ngome. Mzee mmoja alivuka kutoka Mokowe na bahasha ya kaki aliyoifunga ndani ya kikoi isirushiwe maji ya bahari. Akatoa cheti cha bintiye cha KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, kisha simu, akanionyesha ujumbe wa M-Pesa: shilingi 15,000, zimekwenda kwa namba ya mtu binafsi. "Mwanangu," akaniambia, "huyu bwana asema programu ni mpya, nafasi ziko tele, hawatazami alama."

Hawatazami alama! Baba zangu na mama zangu, hii ni kazi ya dawa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha famasi mwaka 1974, na tangu hapo hakuna mwaka alama zilisahauliwa. Programu kuwa mpya maana yake ni kwamba madarasa yamefunguliwa sasa. Sharti la kuingia halikupunguzwa hata kidogo: wastani wa C+ katika KCSE, na C+ hiyo hiyo au zaidi katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. A ya Somo la Dini ya Kiislamu ni jambo la kujivunia nyumbani, lakini haiwezi kukaa mahali pa Kemia.

Na C+ ni ya kukuruhusu kuomba tu. Masomo manne ya klasta, yaani hayo yanayotumiwa kuwapanga waombaji, kila moja likiwa na pointi 12 za juu kabisa, yanafika 48. C+ ni pointi 7. Zijumlishe mara nne upate 28, halafu ujiulize mwenye A- nne, yaani 44, atakaa wapi kwenye foleni hiyo. Simkatishi mtu tamaa. Namwomba tu asiweke famasi peke yake na kuacha nafasi nyingine za kuchagua zikiwa tupu.

Maombi ya waliomaliza kidato cha nne hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, dirisha la maombi mtandaoni likifunguliwa. Mwanafunzi huingia mwenyewe kwa namba yake ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani, na ada ni shilingi 1,500 inayolipwa kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Hailipwi kwa mtu, wala kwa ofisi yangu. Kama saiba, yaani duka la intaneti, ya Langoni inakusaidia, mlipe mwenye saiba ujira wake, lakini neno la siri libadilishe mwenyewe kabla hujaondoka kwenye kile kiti. Tumepata malalamiko ya vijana walioomba famasi wakajikuta wamepangiwa kozi nyingine, kwa sababu mtu aliingia usiku akabadilisha machaguo. Dirisha likishafungwa, sisi hatuna ufunguo.

Mwenye stashahada ya famasi haombi huko. Huyo huomba moja kwa moja chuoni, akileta matokeo yake na cheti cha kuandikishwa na Bodi ya Famasi na Sumu, inayosimamia kazi ya dawa nchini. Aliyesoma sekondari Tanzania au Uganda aanze na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, asawazishiwe cheti kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, ndipo aje kwetu.

Sasa jambo linalotutesa zaidi hapa Pwani: majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Athman, cha KCSE Othman, kitambulisho kinasema Uthman na kimeongeza jina la babu. Kwa mamake ni mtoto mmoja, kwenye karatasi ni watatu. Ikiwa tofauti ni ya herufi tu, tunapokea hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikitaja majina yote kama yalivyoandikwa. Ikiwa jina zima ni jingine, kiapo hakitoshi. Itabidi hati ya kubadilisha jina, isajiliwe na itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hilo halimaliziki kwa juma moja, kwa hiyo lianze leo.

Tafadhali usijaribu kurekebisha herufi kwa kalamu. Kila cheti tunakithibitisha na KNEC. Kughushi hati, chini ya kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 3, na kifungu cha 353 kinampa adhabu hiyo hiyo anayeitumia hati ya kughushi akijua. Anayejipatia pesa kwa ulaghai naye anangojewa na kifungu cha 313, hadi miaka 3 vilevile.

Kuna pia wanaoniambia mtoto ameuza dawa dukani kwa mjomba miaka mitatu, kwa nini akae darasani mitano. Kwa sababu Bodi haimsajili muuzaji. Humsajili aliyemaliza shahada inayotambulika, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini, akapita mtihani wake. Ndiyo maana hata sisi mtuulize: je, programu yenu inatambuliwa na Bodi? Hatutaona mmetuvunjia heshima. Muulizeni kila chuo.

Aliyekwisha kutuma pesa asifute ujumbe. Apeleke simu kituo cha polisi, aandikishe, apewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mzee wetu alikuwa ameuhifadhi wake. Akaisoma ile namba ya simu iliyopokea pesa zake kwa sauti ili karani wangu ainakili. Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akatoa simu, akaomba irudiwe tarakimu moja moja, akawa anafuata kwa kidole kwenye kioo. Ilikuwa ni ile ile.